Siku Nilipokuwa Meneja wa Mkahawa wa Nyama

Hii nitaisimulia mara moja tu, na nikishaanza mtu asinikatize, maana nikisimama katikati aibu itanishika na sitaimaliza. Wale tuliokaa nao mtaa wa Point, kule Durban, miaka ile ya tisini na nane, tisini na tisa, wanaijua, na wengine mpaka leo wakiniona wanaziba mdomo kwa mkono. Wacheke tu. Mimi siku ile sikucheka, niliogopa.

Jina langu Safari, na kazi yangu ilikuwa kulinda magari. Durban wanatuita car guard: unavaa kizibao kinachong'aa, unamwelekeza dereva aegeshe vizuri, unakaa na gari lake kwenye jua mpaka ashibe, akitoka anakupa sarafu au anajifanya hakukuona. Mahali pangu palikuwa mbele ya mkahawa mmoja wa nyama karibu na bahari, wa aina ile ile utakayoikuta kila mji wa Afrika Kusini, viti vyekundu, pembe za ng'ombe ukutani, na picha ya nyama mlangoni kubwa kama godoro. (Mwaka mzima nilisimama pale bila kukanyaga ndani. Hata choo chao tulikatazwa, tulivuka barabara kwenda kituo cha mafuta.)

Na nilikuwa na mchumba, Riziki, wa kwetu Bukavu, msusi wa saluni. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye neno alikuwa baba yake mdogo, Tonton Kalume (tonton ni Kifaransa, kwetu ndivyo tunavyomwita baba mdogo), mfanyabiashara wa Lusaka. Bila yeye hakuna ndoa, na Riziki aliniambia wazi kwamba hataolewa kwa kutoroka. Basi siku ya kwanza naongea na huyo Tonton kwenye simu akaniuliza, "Kijana, unafanya kazi gani huko?" Nikamwambia niko kwenye mkahawa, na hiyo ilikuwa kweli, au jirani ya kweli. Akauliza tena, "Pale wewe uko nani?" Hapo ningesema tu. Lakini nikaona haya, nikajibu, "Niko meneja, Tonton."

Riziki alikuwa amesimama karibu yangu, akanikodolea macho kama nimemwaga mafuta ya taa ndani ya mboga. "Safari, njia ya mwongo ni fupi, wee!" Nikamwambia asijali, Lusaka ni mbali.

Lusaka si mbali. Haikupita miezi miwili Tonton akashuka kwenye basi, amekuja kununua nguo za kuuza, na hata salamu hazijaisha akasema, "Jumamosi mchana tutakula pale kwako. Nataka nione mahali ambapo mtoto wangu atapata chakula chake." Ningeweza kusema pamefungwa, ningeweza kusema nimeumwa, au hata ningesema ukweli na kuumaliza pale pale. Mimi nikasema, "Karibu sana, Tonton."

Siku mbili sikulala. Pesa ya chakula nilikuwa nayo, hiyo haikunitisha; kilichonitisha ni macho ya watu. Niliazima koti la mwenzangu wa chumbani (koti la kwaya, la kijani, vifungo vya dhahabu, lakini ndilo lililokuwepo). Nikamwomba Bosco, mwenzangu wa kulinda, ashike zamu peke yake na akiniona asinijue. Nikamwomba pia Nomusa, dada mmoja Mzulu anayehudumia wateja, kwamba akituona asinitaje. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akasema sharp, yaani sawa, atanisaidia. Akabaki mmoja ambaye sikuthubutu kumwomba, meneja wa kweli, bwana wa miraba minne mwenye funguo nyingi kiunoni, ambaye alishaniambia akinikuta ndani ya mkahawa wake atanitoa kwa shati.

Jumamosi tukaingia, Tonton, Riziki na mimi. Nomusa akaniita "sir", midomo ikimtetemeka kwa kicheko, akatupeleka meza nzuri kuliko zote, ile ya dirishani, akidhani ananifanyia wema. Dirisha lenyewe linatazama maegesho. Nikakaa huku nikiona kizibao cha Bosco kinapita huku na huku, na nyuma yangu nasikia zile funguo, chaka chaka chaka, zikikaribia nainama kufunga kamba za viatu. (Viatu vyangu havikuwa na kamba.)

Tonton akatazama kila kitu, dari, pembe, vijana wanaopita na masahani. "Mbona wafanyakazi hawakusalimii?"

"Ni nidhamu, Tonton. Kazini hatuzoeani."

Akatikisa kichwa, akaridhika, nami jasho linanishuka mgongoni ndani ya koti la kwaya. Akanisukumia ile karatasi ya vyakula. "Basi tuchagulie, wewe ndiye unayejua." Jamani. Mimi nyama za pale nilizijua kwa mifupa yake tu, maana kuna wateja walikuwa wananiletea mabaki ndani ya foili. Nikachagua ile yenye mfupa niliouzoea. Nomusa akauliza iive vipi, na mimi kwa kutaka aondoke haraka kabla hajaangua kicheko nikamjibu, "Kama kawaida yetu," kumbe yeye akaandika anachojua. Nyama ikaja imeungua juu, Tonton alipoikata kati ikatoa damu.

Akaweka kisu chini polepole. "Safari, huyu ng'ombe alichinjwa ao alijeruhiwa tu?"

Riziki akainamisha uso. Tonton akaniambia niirudishe, si mimi mkubwa hapa? Nikainua kidole, Nomusa akaja akaibeba, na zile funguo nazo zikasikika jikoni, chaka chaka, nikasema leo ni leo. Hazikutoka. Nikashusha pumzi, na kabla haijafika chini, akapita karibu na meza yetu mzee mmoja mzungu, mteja wa kila Jumamosi, mwenye Toyota nyeupe ambayo nimeilinda mara zisizohesabika. Akaniona, akafurahi kweli kweli. "Ah, my friend!" Akanipiga begani, akaweka sarafu kando ya sahani yangu, akaenda kukaa meza yake.

Tonton akaitazama ile sarafu. "Hii ni nini?"

"Ni... heshima, Tonton. Hapa wateja wanampa meneja wakiridhika."

"Lakini huyu hajala bado."

Riziki chini ya meza alinikanyaga mguu kwa kisigino, na sikulalamika kwa sababu nilistahili. Nikageuza uso dirishani ili nisione macho ya Tonton, na hapo ndipo nilipoona mtu amevaa kofia na sweta kubwa, ameinama kwenye mlango wa ile Toyota nyeupe, anautikisa, anauvuta, anaupiga kwa goti. Nikamtafuta Bosco. Bosco hayupo! (Alikuwa ameenda choo, kule ng'ambo, kituo cha mafuta.)

Nikajiambia, kaa chini, wewe leo ni meneja, gari si lako. Nikakaa. Mlango wa gari ukafunguka, yule mtu akaingia. Sijui niwaeleze vipi, ila mwaka mzima mwili wangu ulikuwa umefundishwa kitu kimoja tu. Miguu iliondoka bila kuniuliza. Niliruka, kiti kikaanguka, nikatoka mlangoni nikipiga kelele, "Hey! Hey! Hey!", kitambaa cha kulia nimekichomeka shingoni, na mkononi (hili sikulijua, naapa) kile kisu cha kukatia nyama, chenye meno.

Nikasimama mbele ya gari. Mtu wa ndani akainua uso. Alikuwa binti wa yule mzee, mwanamke mtu mzima, ametumwa na baba yake kuchukua miwani, na mlango ulikuwa umekwama. Alichokiona yeye ni mwanamume asiyemjua, koti la kijani, kisu. Akapiga yowe. Mama yangu wee, yowe lile hata sasa nalisikia.

Mlangoni mwa duka la pembeni alikuwepo askari wa kampuni ya ulinzi. Nikasikia "Phansi! Lala phansi!", Kizulu cha lala chini, nikageuka, nikaona tundu la bastola. Watu wanasema mtu akiona kifo anaona maisha yake yote. Mimi niliona lile tundu tu, dogo, jeusi. Nikalala. Lami ilikuwa ya moto, shavu linaungua, na kisu bado kipo mkononi kwa sababu vidole vilikuwa vimegoma kufunguka, askari anapiga kelele kitupe, kitupe, nami nataka kukitupa na siwezi. Dirisha lote la mkahawa lilikuwa limejaa nyuso.

Ndipo nikasikia sauti ya Riziki. Alikuwa anakuja mbio, viatu mkononi, akilia kwa nguvu zake zote, "Car guard! Don't shoot! He is car guard! Analinda magari! Ni car guard tu, jamani, ni car guard tu!" Alirudia na kurudia, hata bastola ilipokwisha kushuka alikuwa bado anarudia. Vidole vikafunguka. Na nilipoinua kichwa nikaona viatu vya Tonton Kalume, vyeusi, vimesimama karibu na uso wangu.

Meneja wa kweli alitoka, akaomba radhi kwa yule mama, akachukua kisu chake na kitambaa chake, akasema nisionekane pale kwa mwezi mzima. Hata hayo sikuyasikia vizuri. Nilikuwa nangoja Tonton anitukane, na hakunitukana. Alilipa chakula, akarudi, akasema kwa sauti ya chini, "Kulinda gari ni kazi, mimi mwenyewe nilianza kwa kubeba magunia. Huyo mlinzi akija kuniomba binti, nitamsikiliza. Meneja simjui." Akamshika Riziki mkono, wakaondoka.

Riziki hakunisemesha wiki tatu. Tonton alisharudi Lusaka, na katika wiki tatu hizo niliogopa simu kuliko nilivyoogopa bastola, maana bastola ilikuja yenyewe, simu ilinibidi niiendee. Mwishowe nikaenda duka la simu, siku ya Jumapili baada ya misa, watu wamepanga foleni, nusu yao wa kanisa letu.

"Tonton, ni mimi Safari. Nalinda magari. Naomba Riziki."

Akajibu, "Sikusikia. Rudia."

Nikarudia. Foleni ikageuka kunitazama.

"Rudia tena, kijana, kwa nguvu."

Nikapaza sauti mpaka mwenye duka akaacha kuhesabu chenji, "Nalinda magari, Tonton! Nalinda magari!" Machozi yananitoka mbele ya mama wa kwaya na yule mwenzangu wa chumbani mwenye koti la kwaya. Upande wa pili nikamsikia Tonton anavuta pumzi. "Haya," akasema. "Sasa ndiyo tuanze kuzungumza."

Tulioana mwaka uliofuata. Na tangu siku ile mtu akiniuliza kazi yangu, namjibu haraka haraka, kabla moyo haujapata nafasi ya kunishauri.