Siku Mbuzi Alipokwenda na Kitenge Changu Upande wa Wapinzani

Nisipowasimulia mimi mtasikia kwa Mama Kulwa, na yeye huongeza chumvi, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe: mimi Skola, mtu mzima ninayelea wadogo zangu watatu, nimewahi kusimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji nikiwa na kaptula ya shule ya mdogo wangu Bahati, tena yenye kiraka nyuma.

Kwetu Nyantakara neno "mpinzani" lina kazi nyingi. Anayeuliza swali la pili mkutanoni ni mpinzani, mtoto anayekataa uji ni mpinzani, hata ng'ombe anayegoma kuingia kwenye josho ni mpinzani, na tunacheka. Ila likitoka mdomoni mwa mwenyekiti halichekeshi, maana kesho yake ukienda ofisini unaambiwa muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo kasafiri.

Na mimi muhuri nilikuwa nauhitaji sana. Mdogo wangu Zawadi alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi (mimi niliishia darasa la sita, mama alipofariki na kumfuata baba), na barua yake ya utambulisho ilikuwa haijagongwa. Wiki hiyohiyo serikali ya kijiji ikaleta mchoro wa njia mpya ya ng'ombe kwenda josho, na njia yenyewe ikapita katikati ya shamba tuliloachiwa, juu kabisa ya makaburi mawili ya wazazi wetu. Kwenye mchoro pameandikwa "eneo wazi". Nikakata shauri kwamba nitakubali kama wengine, barua igongwe, halafu nimfuate mwenyekiti nyumbani kwake nimwombe taratibu.

Kosa langu lilikuwa kwenda na mbuzi. Ilikuwa siku ya mnada na nilitaka kumuuza baada ya mkutano, nikaona nisirudi nyumbani mara mbili, nikatoka kupalilia bondeni moja kwa moja mpaka mkutanoni, kitenge juu na kaptula ya Bahati chini (ndiyo nguo yangu ya matope), na kamba ya mbuzi nimeifunga kiunoni juu ya kitenge, kama tunavyofanya shambani ili mikono ibaki na jembe.

Kura za mkutano kwetu haziandikwi, watu wanasimama. Mwenyekiti akasema, "Wanaokubali waje huku ofisini, wapinzani waende kule kwenye mihogo." Sasa nani aende kule? Kijiji kizima kikajaa ofisini, na mimi nimo, nimeinamisha kichwa. Lakini mbuzi alikuwa hajala tangu asubuhi, akaiona mihogo, akachomoka kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, kamba ikateleza na kitenge, na nilipoinua kichwa kitenge changu kilikuwa kinakatiza uwanja peke yake.

Ningefanyaje? Nilikimbia! Nikamkuta katikati ya mihogo anatafuna majani, nikachutama nyuma ya mashina, na huku watu wanalia kwa kicheko.

"Mpinzani mmoja!" mwenyekiti akatangaza.

"Wawili, mwenyekiti!" Mama Kulwa akapaza sauti. "Mhesabu na mbuzi!"

Nilikuwa najifunga kitenge nirudi haraka, lakini mtendaji wetu, kijana mgeni anayefuata taratibu zote, akasema, "Aliyekataa aeleze sababu. Iandikwe kwenye muhtasari."

Jamani, nilikuwa nimeshaaibika mpaka mwisho, hakuna aibu nyingine iliyobaki ya kuogopa. Nikasimama.

"Shikamoo, mzee mwenyekiti."

"Marahaba, binti. Haya, mpinzani, tueleze."

"Naomba nijue kwanza mpinzani ni nani. Njia ya ng'ombe naitaka, josho nalitaka. Nisichotaka ni ng'ombe wakanyage kaburi la baba yangu na la mama yangu. Hapo penye 'eneo wazi' ndipo mlipowazika, mzee, na wewe ulishika koleo. Njia ikizunguka kwenye mpaka wa minyaa inafika josho vilevile. Kama kusema hivyo ni upinzani, andikeni jina langu, Skola."

Mwenyekiti akaugeuza mchoro, akaugeuza tena. Mama Kulwa, aliyekuwa hajamaliza kucheka, akajifuta macho akaanza kuvuka uwanja. "Mama yake nilimwosha mimi," akasema, "na mimi ni mpinzani." Akafuata mumewe, wakafuata wenye ng'ombe wenyewe, mpaka mihogo ya watu ikakanyagwa, na kule ofisini wakabaki mwenyekiti, mtendaji na meza.

Mwenyekiti akatazama kushoto, akatazama kulia, akachukua fimbo yake akavuka. "Sasa nikibaki kule," akasema, "mpinzani si nitakuwa mimi?"

Njia ikahamia kwenye minyaa. Barua ya Zawadi iligongwa palepale juu ya meza ile (ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti muda wote), naye sasa yuko chuoni. Wapo wanaoniita mpinzani mpaka leo, naitika.

Mbuzi sikumuuza, nani angemuuza yule? Ila nimeapa sitafunga tena kamba kiunoni nikienda mkutanoni. Siku nyingine nikitakiwa upande wa mihogo nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, na kitenge changu kikiwa mwilini.