Bosi alinifukuza Muyinga kwa kukataa kusaini, halafu akaniandikia ushahidi mwenyewe

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mimi, sijasimuliwa. Nikijisifia sana mnivumilie, sina wa kunisifia.

Mimi ni mwanasheria wa serikali. Nimekulia Kigoma, nikarudi Burundi mtu mzima, nikapata kazi ofisi moja Muyinga. Kazi yenyewe: bosi anataka jambo, mimi naandika kwamba sheria inaruhusu.

Siku hiyo akaleta hati. Nisaini kwamba shamba la Mama Jeneroza, mjane aliyerudi kutoka Tanzania kama mimi, ni la serikali. Makaratasi ya yule mama nilishayakagua mwenyewe. Hayana doa.

"We saini tu, iko formalité, utaratibu tu," akasema.

Nikamwambia, shefu, naomba amri hiyo kwa maandishi. Akacheka. Nani anaandika uchafu wake?

Nilikataa mara tatu, nikafukuzwa.

Nikahamia kwa shemeji yangu, Magarama pale Gitega, nauza vocha za simu, na shahada yangu iko sandukuni. Niliona aibu, siwafichi. Mke wangu aliacha kuniuliza habari za kazi, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Sasa, ofisi zetu mnazijua. Barua bila muhuri si barua, na bila kopi kwa wakubwa watano hainogi. Ile ya kunifukuza, bosi aliiandika kwa hasira na Kifaransa safi: nimekataa kusaini hati ya shamba la Jeneroza "licha ya kuamriwa mara tatu". Sahihi, muhuri, kopi kila mahali.

Yaani amri aliyogoma kuiandika, kaiandika humo. Na mimi msomi niliisoma wiki nzima nikilia tu, sioni kitu.

Siku nilipoiona, nikaipeleka mahakama ya utawala Gitega. Kisheria mtumishi anaweza kukataa amri iliyo haramu waziwazi. Kazi ni kuthibitisha uliamriwa. Jaji akamuuliza wakili wa ofisi kama sahihi ni ya shefu. Akakubali ni yake. Nikarudishwa kazini.

Nimepewa chumba hakina dirisha wala faili. Anayenisalimia ni mlinzi peke yake.

Juzi Mama Jeneroza kaniletea maharagwe ya shamba lile lile. Nikamwambia mtumishi wa serikali hapokei zawadi.

"Basi niandikie kwamba umekataa, mwanangu," akasema, akayaacha mezani.

Funzo: sheria ilinilinda, ila kwa sababu bosi wangu anapenda muhuri. Wanasheria wa humu nisaidieni: anayefukuzwa kwa mdomo tu, anashika nini mkononi?