Dereva Amekufa

Fundi anayetuunganishia kompyuta hapa godauni letu mtaani Baba Dogo haongei na watu, huongea na mashine. Hupuliza kadi ya mtandao, huipangusa kwa ncha ya shati, kisha huichomeka kwa kidole gumba chenye kovu la moto. Programu inayoiendesha huiita dereva, na humsema kama binadamu: dereva amelala, dereva amegoma. Siku hiyo nilimbana. Mimi nikinunua spidi ya mtandao, nataka yote. Akaongeza, akaongeza tena, skrini ikaganda.

"Dereva amekufa," akasema bila kugeuka. "Umemkimbiza sana, mzee."

Trei ikaanguka nyuma yetu. Ni Mbinya, mama wa chai. Mumewe, dereva wetu, alitoka na lori Jumatatu kwenda Malaba mpakani, na hakuwa amerudi.

"Si yeye, mama! Ni wa kadi!" fundi akasema.

"Wa gari gani?"

Fundi aliiacha kadi. Aliniuliza namba ya ajenti wetu wa Malaba, akapiga, akamwekea Mbinya simu sikioni. Kisha akawasha mashine upya, akashusha spidi polepole. Taa ya kadi ikawaka kijani. Simu ya Malaba ikaendelea kuita.