Kwa Nini Unaitwa Nzilani

Naikumbuka siku uliyokuja, mwanangu, hata kama hapa nyumbani wanataka niisahau. Tulitoka Migwani na pikipiki, mimi na susu yako, mama ya baba yako. Kwa geti ya hospitali soja akamzuia, akabaki nje na thamosi ya uji. Mimi nikawekwa kwa benchi ya korido. Nikaita nesi, akapita. Nikaita tena.

“Wewe, bado! Wakati wa kuitafuta hiyo mimba hukupiga nduru hivi.”

Wenzake wakacheka. Ukatoka hapo hapo kwa korido, mwanangu. Aliyekudaka ni mama mwingine mwenye tumbo kama langu, na leso yake mwenyewe.

Kesho yake akakuja msichana wa tisheti mpya kuuliza kama tumeridhika na huduma. Nesi alikuwa amesimama nyuma yake. Wodi nzima ikasema tumeridhika, tunashukuru. Mimi nikasema sijaridhika.

“Lakini si mtoto ni mzima?” akaniuliza.

Ati mzima! Kwani hiyo ndiyo kuridhika?

Huku Ukambani jina huambia watu vile ulikuja. Anayezaliwa njiani ni Nzilani. Nikasema utaitwa hivyo. Susu akawaka.

“Nzilani ni wa barabarani! Wewe ulizaa hospitali. Na msichana wa kwanza anabeba jina langu.”

“Mama, nilizaa kwa korido.”

“Shukuru, unyamaze. Utarudi kwa hao hao siku ya chanjo. Unataka wamdunge mtoto wakiwa na hasira?”

Lakini jina sikubadilisha. Tukakaa hivyo, salamu tu, mpaka siku ya chanjo akanisindikiza. Tukapata nesi ni yule yule. Akasoma kadi.

“Nzilani. Kwani gari iliwaharibikia?”

“Hapana, sista. Alizaliwa hapo.” Nikaonyesha ile benchi ya korido, nje ya mlango.

Kulikuwa na mama amekaa hapo, ameuma leso, jasho linamtoka. Nesi hakuinua macho. “Shika mguu wa mtoto.” Ukalia. Halafu nikasikia sauti kwa korido. Ni susu yako, yule wa kuninyamazisha mimi.

“Sista! Na huyu naye azae Nzilani mwingine?”

Nesi akaenda. Amenuna, lakini akaenda.

Sasa sikia, mwanangu. Mtoto kuwa mzima si ruhusa ya mama kutukanwa. Ukiulizwa kama umeridhika na hujaridhika, sema, hata kama sauti inatetemeka, na useme wakiwa wamesimama hapo. Ukiona mwingine ameachwa kwa benchi, usipite kama manesi. Na watu wakiuliza hilo jina, usione aibu. Waambie ni korido gani.

Mungu akujalie uzalie kitandani, mwanangu, mtu amekushika mkono. Msichana wako umpe jina la susu, lile nililomnyima. Na asipatikane tena mtoto wa kuitwa kama wewe.