Iliachiwa au Ilisukumwa

Wanafunzi walimwita mwalimu wao wa fizikia Mama Bembea, naye hakuchukia. Kila mwaka, somo la nishati likifika, alilining'iniza tofali kwa kamba kwenye boriti ya darasa, akalivuta mpaka likagusa kidevu chake, kisha akaliachia. Tofali lilikwenda hadi upande wa pili, likarudi likimlenga usoni. Darasa zima lilipiga kelele. Yeye hakupepesa jicho. Tofali lilikaribia kidevu, likakosa kukigusa, likageuka.

“Mbona mnaogopa?” aliwauliza. “Kimo lilichotoka nacho ndicho akiba yake yote. Likishuka, kimo kinageuka mwendo. Likipanda, mwendo unarudi kuwa kimo. Haliwezi kupita juu ya lilikotoka. Litaongezewa na nani?”

Hesabu za bembea ziliwatoa wanafunzi jasho kwa sababu walitaka kuifuata njia nzima, na kila inavyopinda. Yeye aliwakataza. “Achaneni na njia. Tazameni kimo cha juu na kimo cha chini, basi. Bembea ikishuka mita moja na robo, pale chini kabisa inakwenda mita tano kwa sekunde, awe amepanda mtoto au mjomba wako mwenye kitambi.” Wakishacheka, aliwaonya: “Ila ni kuachia, si kusukuma. Ukisukuma umeiongezea, nayo itakurudia na nyongeza. Na ukishaachia, usisogee mbele.”

Mdogo wake wa kiume, fundi wa magari, aliwahi kuwa mwanafunzi katika darasa hilo. Mchezo ule aliuhamishia gereji, akaufanya kwa giaboksi iliyoning'inia kwenye mnyororo wa winchi, wenzake wakimpigia makofi. Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, aliivuta giaboksi mpaka kidevuni, ikaenda, ikarudi, ikampiga kifuani. Hakufika hospitali akiwa hai. Mungu ampumzishe.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka maneno yalipoanza. Msimamizi wa gereji alikuwa amegombana na marehemu wiki ileile, na saa ya ajali alikuwa amesimama nyuma yake. Jirani mmoja akamnong'oneza mama mzazi: aliisukuma. Mfa maji haachi kutapatapa. Mama akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Polisi wakamweka msimamizi ndani.

“Mwanangu,” mama alimwambia Mwalimu, “wewe ndiye msomi wa mambo hayo. Nenda kawaambie ilisukumwa.”

“Ngoja kwanza nikaone, mama.”

“Ukaone nini? Ndugu yako yuko chini ya udongo, unataka kuona nini tena?”

Alikwenda. Njiani aliomba, na ombi lake likamtisha mwenyewe: Ee Mungu, nikute ukuta umevunjika. Maana ng'ambo ya winchi ulikuwapo ukuta, na giaboksi iliyosukumwa ingefika pale ikiwa bado na mwendo, ingebomoa plasta.

Fundi wa kuchomelea, rafiki wa marehemu, alimwonyesha mahali pa kusimama. “Alikuwa hapahapa, dada. Akatuambia, tazameni, waoga nyie.”

“Ukutani iligonga?”

“Sikusikia kishindo. Mimi nilikuwa nacheka.”

Mwalimu alisimama penye nyayo za mdogo wake. Walikuwa wamelingana kimo, watu wakiwadhania mapacha. Alipima kwa utepe kutoka sakafuni hadi kidevuni mwake, kisha akavuka kwenda ukutani. Plasta ilikuwa nzima. Juu yake palikuwa na alama ya grisi, nyembamba kama iliyolambwa kwa ncha ya ulimi. Akapima. Ilikuwa chini ya kidevu kwa upana wa kidole.

Akapima tena, akitumaini mkono wake umekosea. Haukukosea. Giaboksi ilifika pale ikiwa imemaliza mwendo wake wote. Hakuna mtu aliyeiongezea kitu.

“Alipoiachia, alifanya nini?” aliuliza.

Fundi akainamisha kichwa. “Kuna mmoja alimtania kwamba kafumba macho. Akamfuata kumjibu, hatua moja tu mbele, anacheka.”

Mwalimu aliwaambia polisi hivyo hivyo, bila kupunguza. Mama alimsubiri mlangoni.

“Umesemaje?”

“Iliachiwa, mama. Hakuna aliyesukuma. Alisogea.”

“Kwa hiyo mwanangu amekufa kwa ujinga wake.”

“Sikusema hivyo.”

“Mchezo ule alifundishwa na nani?”

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba dada naye alifiwa. Mama aliingia chumbani, akafunga.

Jumapili msimamizi alikuja na mkewe, ametoka ndani amekonda, amevaa shati la kwenda kanisani. Alipiga magoti kizingitini. “Dada, Mungu akubariki. Umeniokoa.”

“Inuka,” Mwalimu alisema. “Mimi niliomba ukuta uwe umevunjika. Ungevunjika ningekufungisha, na ningelala usingizi. Mshukuru Mungu, mimi usinishukuru.”

Mke wa msimamizi akaanza kulia. Ndipo sauti ya mama ikatoka chumbani, kavu:

“Nani huyo?”

“Mgeni, mama.”

“Wako au wangu?”

Mwalimu aliwatazama wale watu wawili. “Wangu.”

“Basi mpokelee huko huko nje.”