Maji Yataishia Kwenye Mibuni

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya msingi ya kijijini kwetu, bondeni chini ya kilima cha Ijumbi. Kijiji kilikuwa kimeshatangazwa kuwa cha ujamaa, na mto wetu ulikuwa ujengewe bwawa. Maji yangemwagilia shamba la kijiji wakati wa kiangazi, na yangezungusha mtambo wa umeme kwa ajili ya zahanati na mashine ya kukoboa kahawa. Tulichimba kwa majembe yetu wenyewe, kila kaya na zamu yake. Mimi umeme ule niliutaka sana.

Mhandisi alitoka Dar es Salaam, hakujua Kihaya, kwa hiyo kwenye mkutano wa mwisho nikaitwa kutafsiri. Wenye vibanja, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, bondeni wote walikuwa wamekubali kuhamia juu, isipokuwa shangazi yangu, mjane aliyenilea tangu mama alipofariki. Alisimama, akaniambia kwa Kihaya, "Mwana wange, muulize huyu bwana. Maji yatafika kwenye kaburi la mume wangu?"

Mumewe na watoto wao wawili walizikwa humohumo kibanjani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba; mibuni yake ilikuwa chini zaidi, karibu na mto.

Nikauliza. Mhandisi aliangalia ramani yake. "Yatapita juu yake," alisema kwa upole. "Mwambie mifupa ihamishwe kabla ya masika. Tutampa watu wa kumsaidia."

Mwenyekiti wa kijiji alinikazia macho. Watu walikuwa wamechoka kukaa juani. Nikamgeukia shangazi nikasema, "Anasema maji yataishia kwenye mibuni."

"Haya basi," alisema, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali kuhama.

Nilijiambia kwamba nitamweleza ukweli jioni, tukiwa wawili tu. Jioni nikamkuta anamenya ndizi huku akicheka na jirani, nikaahirisha. Wiki iliyofuata nikaahirisha tena. Kisha watu wa bondeni wakahamia juu, lango la bwawa likafungwa, mvua ikanyesha mfululizo, na asubuhi moja akanichukua tukasimame kilimani. Kilichoonekana cha kibanja chake ni ncha za migomba tu.

Hakulia. Aliniuliza, "Yule bwana alikosea?"

"Alikosea, shangazi," nikajibu.

Taa ziliwaka zahanatini. Maharage ya kijiji yakastawi kiangazi, wageni wakaja kuyatazama, nami nikawapanga wanafunzi wawaimbie. Shangazi alihamia Ijuganyondo, karibu na mji, kwa binti yake aliyebaki. Kila nilipokwenda mjini Bukoba nilipata sababu ya kutopita kwake.

Nilipita hatimaye nikiwa tayari nina wajukuu. Nilimkuta ameketi mkekani, nikamweleza yote, hata jibu langu la kule kilimani. 

"Ungeniambia, ningelia," alisema. "Halafu ningechukua jembe."

Akamwagiza bintiye anifungie ndizi za kupeleka nyumbani. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani, na shangazi hakuwahi kuniacha niondoke peke yangu. Siku hiyo nilipoaga, aliitikia, akabaki ameketi palepale.