Uso wa Wekesa kwenye Mchanga wa Abu Hamour

Nakumbuka Ijumaa moja kule Doha, Qatar, mwanangu, ambayo sikutulia hata dakika moja. Nimeikumbuka kwa sababu juzi nilikuona pembeni ya uwanja wa shule na hiyo kamera yako mpya. Unapiga, unainama kutazama, unazungusha kitufe, unapiga tena. Nikasema, huyu ni mimi kabisa.

Nilikuwa natandika vitanda katika hoteli moja ya West Bay. Kamera niliinunua ya mtumba kwa Mfilipino aliyekuwa anarudi kwao, nzito, lenzi ndefu, na kuanzia hapo nikawa najiita mpiga picha. Usicheke.

Sasa kulikuwa na kijana wa Bungoma, Wekesa, aliyekuwa akiendesha gari la familia moja, na Ijumaa alikuwa golikipa wa timu ya madereva. Alikuwa amemwacha binti yake, Neema, akiwa na miezi minne. Mtoto sasa alikuwa na miaka mitano, na kila akipewa simu azungumze na babake alikuwa anaikimbia. "Simjui," anasema. Wekesa alinieleza hayo asubuhi ile tukitoka kanisani Mesaimeer, maana kule hata sisi Wakristo tulisali Ijumaa, akijifanya anachekeshwa. Alitaka picha moja tu, yuko golini, uso unaonekana. Kuna nesi wa kwetu alikuwa anakwenda likizo Jumapili na angeibeba. Nikamwambia, "Hiyo niachie mimi, ndugu yangu." Mdomo wangu huo.

Mechi ilikuwa alasiri Abu Hamour, madereva dhidi ya walinzi, baada ya Waislamu kutoka msikitini na sisi kutoka ibada. Kiwanja kilikuwa mchanga mtupu, mweupe hata ukikodoa macho unaumia. Na mimi basi la hoteli lilikuwa linanipitia saa kumi na moja kamili, kwa hiyo nilikuwa na jicho moja kwa Wekesa na jingine barabarani. Kamera nilikuwa nimeiacha kwenye otomatiki. Picha ya kwanza, mikono yake imekuwa ukungu. Nikazungusha kitu. Ya pili, mikono imetulia lakini uso ni giza tupu, hakuna jicho wala pua. Nikazungusha kingine. Kila picha niliinama kuitazama, na kila nikiitazama napandwa na wasiwasi zaidi.

Nilikuwa nimeinama hivyo hivyo walinzi walipopewa penalti. Nilisikia filimbi, sikuinuka. Niliinuka madereva walipoanza kushangilia, nikabonyeza bila kujua nabonyeza nini, na Wekesa alikuwa ameshaupangua mpira. Nilipotazama, niliona jezi ya njano imelala hewani, na juu yake giza la kichwa. Ungeambiwa ni golikipa yeyote duniani ungekubali.

Kwenye mapumziko nilikwenda kwa Mzee Kaggwa. Huyu alikuwa Mganda, kwao Masaka alikuwa na studio ya picha miaka mingi, na pale Doha alikuwa mlinzi wa geti. Alikuwa amekalia kreti ya soda. Akanyoosha mkono, nikampa kamera, akapitisha picha moja moja.

"Dada, umepiga picha nzuri za mchanga," akasema.

"Kamera imekosea, mzee."

"Kamera haimjui Wekesa. Imeona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Wewe ndiye uliyejua umefuata uso wa nani."

Maneno yale yalinichoma. Nilitaka kumnyang'anya kamera yangu niende zangu, lakini nilimfikiria yule mtoto anayekimbia simu, nikabaki.

Mzee aliitoa kwenye otomatiki. Akaanza na kasi, akaiweka sehemu moja ya elfu ya sekunde, akasema mpira hausubiri. Akafungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Kisha akasimama mbele yangu, uso kwenye jua. "Sasa nipige mimi. Weusi wangu na wa Wekesa ni mmoja. Pandisha ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, kidogo kidogo mpaka unione macho." Picha ya tatu nikamwona, mikunjo yake yote, mpaka kovu la kidevuni.

"Lakini mzee, mchanga umeungua, umekuwa mweupe pe."

"Acha uungue. Bungoma nani atauliza habari za mchanga?" Akanirudishia kamera. "Khalas, yatosha, mkono utoke kwenye vitufe. Jua likishuka, utarekebisha wakati mpira uko nje. Ukiwa ndani, mtazame Wekesa."

Nikamtazama. Na mwanangu, kipindi kizima mpira haukumfikia. Alisimama tu, anafuta jasho, anapiga teke mchanga, na vidole vyangu vilikuwa vinawasha kutaka kuzungusha kitu. Nililia kidogo, sikufichi. Basi likafika, likapiga honi. Likapiga tena. Ndipo Wekesa akageukia mabeki wake, jua likamwangaza usoni, mikono ameitanua, akaanza kuwafokea. Nikabonyeza mara tatu, nikakimbia.

Jumamosi nilimpelekea picha imeshasafishwa. Akaitazama. "Dada, hapa nafoka tu. Ile penalti iko wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba penalti ilipopigwa nilikuwa natazama skrini. Aliiweka kwenye bahasha, akampelekea nesi.

Wiki mbili baadaye, nje ya kanisa, alinishika mkono. Akasema Neema amekubali kushika simu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba, ulikuwa unamgombeza nani?" Wekesa akakaa pale pale ukingoni mwa njia, mtu mzima na suti yake ya ibada, akalia.

Ile picha ya jezi isiyo na uso ninayo mpaka leo, iko kwenye droo ya kitanda. Siku moja nitakuonyesha.

Kwa hiyo sikiliza. Kabla filimbi haijalia, jua umekuja kwa ajili ya nani. Pima mwanga kwenye uso wake, au wa mtu mwenye rangi yake, jua likiwa lile lile. Mashine usiiachie ikuamulie, maana yenyewe haijui nani anasubiriwa nyumbani. Weka kasi, weka mwanga, kisha tulia, hata vidole vikiwasha vipi. Na ukikosa, mwambie mtu umekosa.

Mungu akutulize mkono, mwanangu. Na kila atakayepita mbele ya lenzi yako akiwa na mtu anayemngoja mbali, Mungu aufikishe uso wake.